Imakulata na Michezo ya Magharibi

Jumapili, 21 Novemba 1943

Mume wangu Nikolaus aliponiachia daftari hili alisema niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili akirudi kutoka vitani asome na kuwa kama mtu ambaye hakuondoka hapa Itetemia. Mwaka mmoja na miezi minne imepita na sijaandika kitu. Naanza leo kwa sababu nina jambo moyoni na sina wa kumwambia.

Jana, jua likiwa limekwisha kuzama lakini kabla hatujawasha koroboi, Imakulata alitoka jikoni kumpelekea bibi yake maji ya kunawa. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye kinu, akajigonga, maji yote yakamwagika. Kinu hicho kimekaa pale tangu hajazaliwa.

"Maku, hukukiona?"

"Nilikuwa nakimbia, mama."

Hakuwa anakimbia. Nilikuwa namtazama.

Ana miaka mitano. Surua ilimwachia wiki tano zilizopita, yeye na watoto wengi wa huku. Wawili wa jirani tuliwazika. Wa kwangu alipoinuka kitandani nilitoa sadaka ya misa ya shukrani. Sasa naogopa nilishukuru mapema.

Jumatatu, 22 Novemba

Mvua bado. Nimemfuatilia Maku siku nzima. Mchana aliokota sindano niliyoiangusha kwenye majivu.

Jumatano, 24 Novemba

Nilifundisha watoto wadogo kwa masista miaka mitatu kabla ya kuolewa, na nilijifunza kwamba ukimwuliza mtoto kama hajui, atasema anajua. Lakini mpe mchezo, na mikono yake itakuambia yenyewe.

Basi leo nimechanganya karanga na kunde kwenye ungo, nikawaita Maku na dada yake Getruda. Kila mmoja achague zake, atakayemaliza kwanza alambe mwiko wa uji. Mama, yaani mama mkwe wangu Apolinaria, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni.

"Mbegu si ya kuchezea, Mama Getruda," akasema. "Mwaka huu wenye mbegu wanahesabika."

"Hatutapoteza hata moja, mama."

Alitoa kikopo chake cha ugoro, akakigonga kifuniko kwa kidole kama afanyavyo siku zote kabla ya kukifungua. Mlio ule huniudhi, sijui kwa nini.

Tulicheza jua likiwa bado juu. Maku alimshinda Getruda, ambaye ana miaka kumi.

Jumamosi, 27 Novemba

Leo tumecheza magharibi, wakati mtu bado anaona uso wa mwenzake lakini haoni vizuri michoro ya kanga. Maku alichagua karanga kutoka kwenye kunde bila kukosea. Nilimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, nikamzungusha ua mzima. Nitalala.

Jumapili, 28 Novemba

Katikati ya misa nikakumbuka: karanga ni nene, kunde ni ndogo. Hilo vidole vinaweza bila macho.

Jumatatu, 29 Novemba

Kunde nyeupe na kunde nyekundu. Ukubwa mmoja, tofauti ni rangi tu.

Mchana: hakukosea hata moja.

Magharibi: alijaza viganja viwili akavimwaga upande wa kulia, kisha viwili upande wa kushoto. Nilipoleta koroboi, nyeupe na nyekundu zilikuwa zimechanganyika pande zote mbili kama nilivyozimwaga mwanzo. Alinitazama usoni, kisha akacheka, akasema amechoka. Nikamwambia hata mimi nimechoka. Nikaenda nyuma ya jiko nikakaa juu ya kuni mpaka machozi yalipokauka.

Alhamisi, 2 Desemba

Mvua. Tumepanda.

Jumapili, 5 Desemba

Kwa nini simwambii mama mkwe? Nijibu hapa kwa ukweli, maana Nikolaus atasoma.

Watoto walipougua surua, yeye na mimi tulishindana. Mimi nilitaka zahanati ya misheni, yeye alisema mtoto wa surua hatembezwi juani. Mwishowe Maku alibaki nyumbani. Tena kuna mganga Jilala, anayepita nyumba kwa nyumba na majani yake. Upande wa pili wa mbuga kuna mtoto aliyekamuliwa maji ya majani machoni, na sasa anaongozwa kwa fimbo. Mama mkwe humkaribisha Jilala, humpa kigoda, hucheka naye. Nikimwambia habari ya macho, asubuhi inayofuata nitamkuta Jilala uani.

Na zahanati je? Mtu atatembea saa tatu kwenda kusema nini? Mtoto wangu alijigonga kwenye kinu?

Jumanne, 7 Desemba

Nimebuni mchezo mwingine. Vikombe vitatu vya bati vinapangwa juu ya mkeka, kimoja kinafungwa kitambaa chekundu. Mchezaji anasimama kwenye nguzo ya jiko, hatua sita, anataja: kushoto, katikati, kulia. Mara tano kila jioni. Getruda anapata zote. Maku amepata moja.

Jumatano, 8 Desemba

Maku moja.

Alhamisi, 9 Desemba

Hakupata hata moja. Alisema, "Mama, tucheze asubuhi, jioni mbu wananiuma." Nikasema sawa, nikatabasamu, nikatoka.

Ijumaa, 10 Desemba

Mvua kubwa. Hatukucheza.

Jumapili, 12 Desemba

Amepata zote tano.

Nilifikiri ni bahati. Nikapanga upya, nikamgeuza atazame ukuta wakati napanga. Akapata zote tena. "Kulia. Kushoto. Kushoto. Katikati. Kulia." Mama mkwe naye alikuwa amekaa mlangoni anajigongea kikopo chake. Hata yeye alitabasamu, na hilo si jambo la kila siku.

Jumatatu, 13 Desemba

Zote.

Jumatano, 15 Desemba

Zote. Huenda ilikuwa uchovu wa surua tu. Mwili ukirudi, na macho yanarudi. Nimemwandikia Nikolaus barua, nikasema wote wazima.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Hakuna nyama kwa mtu yeyote. Ng'ombe wamenunuliwa kwa ajili ya askari. Tulikula ugali wa muhogo na maharage. Mbuzi mmoja tu amebaki uani, na huyo haguswi: mama mkwe amemweka kwa siku Nikolaus atakaporudi, kila anayekuja anaonyeshwa. Baada ya kula, hata yeye alicheza vikombe. Alikosa tatu kati ya tano, nadhani kwa makusudi, Maku akamcheka mpaka akaanguka kwenye mkeka.

Jumatatu, 3 Januari 1944

Nilikuwa namsuka Maku nywele juani. Nilipomgeuza uso niliona kwenye weupe wa jicho la kulia, karibu na pembe, kitu kama povu la sabuni lililokauka. Nilikifuta kwa ncha ya kanga. Hakikufutika.

Jumanne, 4 Januari

Povu lipo.

Jumatano, 5 Januari

Lipo, na jicho la kushoto nalo lina dogo. Lakini magharibi amepata vikombe vyote. Sielewi.

Jumapili, 9 Januari

Leo nimefanya jambo baya, au nimezuia jambo baya. Sijui bado.

Niliporudi kutoka kupalilia nilimkuta mama mkwe amempakata Maku, anampangusa macho kwa kitambaa. Kando yake kulikuwa na majani yaliyopondwa kwenye kibakuli. Sikusalimia. Nilimnyanyua mtoto mapajani mwake.

"Umemtia nini?"

"Maji."

"Na haya majani ya Jilala?"

"Ni ya magoti yangu."

"Mama, nakuheshimu. Lakini ukimtia mtoto wangu dawa machoni, nitahama nyumba hii na mvua yote hii."

Aliokota kibakuli chake, akajikongoja kwenda ndani. Getruda alikuwa amesimama na jembe begani, amesikia yote.

Jumatatu, 10 Januari

Tumesalimiana tu. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Basi, mpaka jioni.

Jumatano, 12 Januari

Mvua siku nne mfululizo. Mbuga imejaa maji, njia ya mjini imekatika. Maku anakaa kivulini hata mawingu yakiwa mazito. Anasema mwanga unamchoma. Vikombe: vyote vitano.

Jumapili, 16 Januari

Jicho la kulia halimeti tena. La kushoto ukilitazama unajiona ndani yake. La kulia ni kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hata hivyo jioni mtoto anasimama kwenye nguzo na kutaja bila kusita. Nimeanza kuuogopa mchezo wangu mwenyewe.

Jumanne, 18 Januari

Maji yamepungua. Mama mkwe amekwenda Cheyo kwenye msiba, atalala huko.

Magharibi tulicheza. Maku alisimama kwenye nguzo, akanyamaza. Nikamwambia, "Taja, mwanangu." Alikuwa ametega kichwa upande, kama kuku anayesikiliza.

"Kushoto."

Kilikuwa kulia. Alikosa zote tano. Mara ya mwisho hapakuwa na kikombe kabisa. Nilikuwa nimeviondoa vyote mkekani nikavishika mkononi mwangu. Akasema, "Katikati."

Jumatano, 19 Januari

Nitaandika yote.

Mama mkwe alirudi alasiri. Sikumwambia kitu. Magharibi nilitandika mkeka, nikapanga vikombe, nikamwita Maku. Bibi yake akakaa kwenye kigoda. Safari hii sikumtazama mtoto. Nilisikiliza.

Kitambaa kilikuwa kushoto. Kikopo kikagonga mara moja. "Kushoto," akasema Maku.

Nikakihamisha katikati. Kikagonga mara mbili. "Katikati."

Nikakihamisha kulia, na kabla kidole hakijashuka mara ya tatu, nilisema, "Mama, acha."

Getruda aliinamisha kichwa, nikajua naye alijua.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwezi uliopita," akasema mama mkwe.

"Unamfundisha mtoto kunidanganya? Mtoto anapofuka, mama. Mwezi mzima nimelala usingizi kwa sababu ya kikopo chako."

"Mwulize mwenyewe."

Nilipiga magoti mbele ya Maku. Uso wake ulikuwa umenielekea lakini macho yalikuwa yanatazama juu ya bega langu. Nikamwuliza kwa nini. Alizungusha kifungo cha gauni lake.

"Nikikosa unakwenda kulia kwenye kuni," akasema. "Nilikusikia. Nikamwambia Bibi anisaidie kupata."

Kumbe siku zote nilikuwa nadhani mimi ndiye ninayempima, na yeye alikuwa ananisikiliza.

Mama mkwe alisogeza kigoda chake karibu, mpaka magoti yake yakagusa bega langu.

"Nilidhani ni jambo la jioni tu," akasema. "Macho ya kuku. Jua likizama yanafungwa, asubuhi yanafunguka. Tulipokuwa watoto, mwaka wa njaa, wengi tulikuwa hivyo, mvua zikitoa mboga yanapita. Sikujua habari ya povu mpaka ile siku uliponikuta. Nilikuwa nampangusa kwa maji ya moto yaliyopoa, niangalie vizuri. Nilitaka kukuambia. Ukaninyang'anya mtoto."

"Nilifikiri ni dawa ya Jilala."

"Jilala ni mtu wa hadithi, nampa kigoda kwa sababu ananichekesha. Sikiliza, Josepha." Hajapata kuniita jina langu tangu nilipozaa. "Nilikuwa na mdogo wangu, Mahona. Baada ya ndui walimkamulia majani machoni. Nilimshika mikono mimi, kwa sababu alikuwa anapiga kelele. Miaka mitatu nilimwongoza kwenda kisimani, mpaka alipokufa. Mimi nimtie mjukuu wangu majani?"

Kulikuwa kumekwisha kuwa giza. Getruda aliwasha koroboi bila kuambiwa. Mama mkwe akasema, "Kesho asubuhi, kabla ya uji. Mimi pia nakwenda."

Alhamisi, 20 Januari

Tulitoka alfajiri. Maji ya mbugani yalinifika mapajani. Nilimbeba Maku mgongoni, mama mkwe alitangulia na fimbo akipima kina, na magoti yake yale. Getruda alibaki na nyumba.

Dresa wa zahanati, mfunga vidonda na mtoa dawa, anaitwa Ambrosi, kijana mpole mwenye miwani. Alikuwa na watu wengi, tukangoja hadi saa sita. Alipomfunua Maku kope, aliacha kuzungumza na msaidizi wake.

"Mwalimu Josepha, alianza lini kutoona jioni?"

"Novemba."

"Novemba." Hakunilaumu, lakini alilirudia neno.

Akaeleza. Surua inakausha mwili, na mtoto asiyepata mafuta wala mboga wala nyama, macho yake yanakauka pia. Jicho la kulia limeanza kidonda katikati ya kioo chake. La kushoto bado halijafika huko. Dawa yake ni mafuta ya ini la samaki, na zahanati haina hata tone tangu meli zilipoanza kuzamishwa.

"Kwa hiyo hakuna?" nikauliza.

"Ipo nyingine. Maini. Maini ya mnyama yeyote, kidogo kidogo kila siku. Mawese, yale mekundu kabisa, msiyachemshe sana. Matembele, majani ya kunde. Nami nitakupa dawa ya kupaka." Akafunga jicho la kulia kwa kitambaa safi. "Na asilisugue. Akilisugua linaweza kupasuka. Mshughulisheni mikono."

"Ataona?"

"La kushoto tulipiganie. La kulia siwezi kukuahidi."

Njia nzima ya kurudi mama mkwe alitangulia tena na fimbo yake. Tulipofika alikwenda moja kwa moja uani, akamfungua mbuzi wa Nikolaus.

"Mama, huyo ni wa—"

"Najua ni wa nani. Nimemzaa mimi. Akirudi atakula ugali na mlenda, atashukuru."

Jirani alimchinja kabla ya jua kuzama. Maku alikula ini vipande viwili, akasema ni chungu, akaomba kingine.

Jumamosi, 22 Januari

Nimekwenda mjini kwa Bi Maua binti Mfaume, msusi wa mikeka ambaye sisi wa Itetemia humpelekea ukindu. Kaka yake Saidi ni mtia makaa kwenye treni ya Kigoma, na Kigoma ndiko mawese yanakotoka.

"Shikamoo, Bi Maua."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja bila ukindu na uso umekuwa hivyo?"

Nilimweleza. Aliingia ndani akatoka na chupa, nyekundu kama udongo wa njia ya reli, imejaa hadi shingoni.

"Chukua. Saidi akirudi Ijumaa ataleta nyingine. Na nani anamshughulisha mtoto?"

"Sisi tu."

"Mfundishe huu." Akafungua uzi wa mkekani, akaufunga ncha, akauzungusha vidoleni mara tatu, pakatokea kitanda. Akavuta, kitanda kikawa ngazi. "Huu hautaki macho. Mimi husuka nimefumba."

Jumanne, 25 Januari

Mama mkwe ameukataza mchezo wa vikombe. Amesema, "Wiki tatu usimpime. Mbegu ukiifukua kila siku kuitazama haioti." Nimekubali. Ni vigumu kuliko nilivyofikiri. Jana nilijikuta nimenyanyua upawa mbele ya Maku nimpime, nikaushusha kabla hajageuka.

Ijumaa, 28 Januari

Anataka kulisugua. Jicho linamwasha kutwa. Tumebaki wanne chumbani, dirisha limezibwa kwa mkeka, na tunacheza tangu asubuhi kama watu wasio na shamba. Uzi wa Bi Maua. Kisha mchezo wa mama mkwe: anaweka vitu vya nyumbani ndani ya mtungi, kijiko, kitana, gunzi, rozari yangu, kifungo, na kila mmoja anatumbukiza mkono na kutaja bila kutazama. Kisha Getruda akabuni wa kunusa: kitunguu, sabuni, majivu, kanga ya mama. Maku anatushinda wote. Nilinusishwa ugoro, nikapiga chafya mara saba, akahesabu.

Mikono yake ikiachwa bure kidogo tu, inapanda usoni. Tunaikamata kwa zamu.

Jumapili, 30 Januari

Sikwenda misa. Nilikamata mikono.

Jumanne, 1 Februari

Homa. Usaha kidogo. Mama mkwe alimwimbia Kinyamwezi mpaka sauti ikamkauka, kisha mimi nikaendelea na maneno ambayo siyajui vizuri. Maini yamekwisha. Mawese yapo.

Alhamisi, 3 Februari

Homa imeshuka.

Jumatatu, 7 Februari

Ambrosi amekuja mwenyewe kwa baiskeli, matope hadi kwenye miwani. Amefungua kitambaa. Kidonda cha kulia kimefunga, lakini kimeacha doa jeupe katikati, kubwa kama punje ya mtama. Atatofautisha mchana na usiku kwa jicho hilo, basi. La kushoto linameta.

"Jioni anaonaje?" akauliza.

"Sijampima."

Alishangaa. Nikamwambia nimekatazwa, nikamwonyesha mama mkwe kwa kidevu. Ambrosi akamwamkia tena, kwa heshima zaidi kuliko mara ya kwanza.

Alipoondoka nilimtazama Maku na lile doa, na nikaenda kwenye kuni. Kisha nikarudi. Nilikaa karibu naye, nikalia hapo hapo, nikamwambia, "Mama analia kwa sababu jicho lako moja limeumia. Si kwa sababu umekosa kitu. Hukukosa kitu." Akanipapasa shavu, akasema, "Limeacha kuwasha lakini."

Ijumaa, 11 Februari

Jua lilikuwa limezama. Nilikuwa napuliza moto, mvua imelowesha kuni, moshi mtupu. Maku alikuwa amekaa kwenye kizingiti anasokota uzi wake. Sikumwuliza kitu. Alisema tu, bila kuacha uzi:

"Mama, umejipaka masizi shavuni. Umefanana na paka."

Nilijishika shavu. Vidole vilitoka vyeusi. Nikatazama nje: kinu kilikuwa kivuli tu, miti haikuwa na rangi tena. Getruda akauliza, "Shavu gani?" Akajibu, "Hilo la upande wa mlango."

Mama mkwe alikuwa ndani. Nilimsikia akianguka magoti juu ya mkeka, yeye na magoti yake mabovu.

Jumamosi, 12 Februari

Ameona tena. Alimwita jogoo kwa rangi yake.

Jumatano, 23 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimemwandikia Nikolaus barua ya kweli. Nimemwambia binti yake ana jicho moja. Nimemwambia nilichelewa tangu Novemba mpaka Januari kwa sababu nilimwogopa mama yake kuliko nilivyoogopa ugonjwa, na kwamba yeye naye alinyamaza kwa kumtii mtoto. Nimemwambia na habari ya mbuzi. Nilimsomea mama mkwe barua yote kabla ya kuifunga.

"Mwongezee," akasema, "kwamba ngozi ipo. Nimeikausha."

Jumapili, 27 Februari

Kupalilia. Watoto wa njiani wamemwita Maku chongo. Getruda amerudi na mdomo umepasuka, na hasemi alipigana na nani.

Jumapili, 12 Machi

Mahindi mabichi yameanza. Baada ya misa tulivunja ya kwanza, jioni tukawasha moto uani tukayachoma, sisi wanne, na Bi Maua aliyekuja kutuona na kulala kwetu kwa sababu ya umbali.

Maku amebuni mchezo. Magunzi yanatupwa ndani ya kapu kutoka kwenye kizingiti, kumi kumi. Kwa jicho moja hajui vizuri kapu liko mbali kiasi gani; magunzi yake mengi yanaanguka mbele au yanapita juu. Getruda alifikisha saba. Maku alikuwa na matatu.

"Umelisogeza," akasema Maku.

"Sijaligusa."

"Umelisogeza, nimekuona."

"Mama, njoo uhesabu," akaita Getruda.

Mimi nilikuwa nageuza mahindi. Nikasema, "Hesabuni wenyewe."

Wakahesabu. Saba na matatu. Maku alikanyaga chini, akasema mchezo huu ni mbaya na aliyeubuni ni mjinga, mama mkwe akamkumbusha nani aliyeubuni, na hapo akaangua kilio, kwa sauti, mbele yetu wote, kama mtoto yeyote aliyeshindwa. Bi Maua alitaka kuinuka ambembeleze. Mama mkwe akamgusa mkono akae.

Alikuja mwenyewe, kamasi zinamtoka, akajitupa mapajani mwangu, akayatazama mahindi motoni moja baada ya jingine, akanyoosha kidole.

"Nataka lile ambalo halijaungua," akasema.

Nikampa.